Sokwe Si Gombe Tu: Mbinu za Kutegua Mafumbo ya Mahali

Fumbo la mahali likitegwa kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp, na neno la kwanza likawa "dhahabu", nusu ya watu hupiga kelele "Geita!" hata kabla mtegaji hajamaliza. Wewe nyamaza kwanza. Kuanzia Kahama hadi Geita, dhahabu ni dokezo lisilotenga mahali popote na pengine.

Uliza mambo mawili: panachimbwaje, na bado panachimbwa? Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, lilikuwa shimo la wazi, na uzalishaji ulikoma 2021. Mgodi mkubwa wa Geita tunaoujua leo ulianza uzalishaji 2000, lakini ukisikia habari za dhahabu ya enzi za Mwingereza, bado Geita ina nafasi, maana palichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Na ukitajiwa wachimbaji wadogo na makarasha ya kusagia mawe, usipoteze muda kwenye migodi ya kampuni. Anza na Nyarugusu.

Kisha pima umri wa dokezo. Hapa ndipo wasomi wa vitabu vya zamani wanapoangukia. Mwaka 2012 mikoa ilikatwa upya: Simiyu ikachukua Maswa, Bariadi na Meatu kutoka Shinyanga, Geita ikachukua Bukombe kutoka Shinyanga, Chato kutoka Kagera, na wilaya ya Geita yenyewe kutoka Mwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia "pori la akiba, mkoa wa Shinyanga", jibu laweza kuwa Maswa, ambalo leo lipo Simiyu. Hajakudanganya, amenakili kitabu cha zamani tu.

Dokezo tamu ni lile lenye kitu kimoja kisichopatikana kwingine. Chukua hili: "Nilitoka ardhini Usukumani, nikaenda harusini London." Usihangaike na London, shika harusi. Mwaka 1947, mwaka aliofunga ndoa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, mgodi wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akampa bibi harusi. Ilipokatwa na kung'arishwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Almasi ya waridi ikikutana na harusi ya kifalme, jibu ni Mwadui, Kishapu. Mtegaji mwenye huruma atakuongezea mwaka 1940, Williamson alipoigundua almasi pale, au mbuyu, maana husimuliwa kwamba jiwe la kwanza lilionekana chini yake.

Mtego mbaya kuliko yote ni wa sokwe. "Hifadhi ya taifa, ziwani, ina sokwe." Karibu kila mtu atasema Gombe, na mjuaji kidogo atasema Mahale. Uliza ziwa gani. Likiwa Victoria, ni Rubondo, kisiwa cha mkoa wa Geita kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 1977. Sokwe wa pale hawakuwa wenyeji: waliletwa kwa awamu kuanzia 1966, wengi wao wakitoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wajitafutie wenyewe. Wakaweza. Kwa hiyo "wahamiaji waliotoka Ulaya wakarudi porini" ni Rubondo bila ubishi, na ukiongezewa nzohe, swala anayependa majimaji, funga daftari.

Zamu yako ya kutega ikifika, panga madokezo kutoka pana kwenda jembamba. Wazee wa Shinyanga wanaoshinda kila mara wategee ngitili, yaani malisho ya akiba: "Nafungwa mvua zikianza, nafunguliwa kiangazi, na wanaoningojea ni ng'ombe." Hao watajibu papo hapo, vijana wa mjini ndio watakaokuna vichwa. Wakiomba msaada, wape HASHI, mradi ulioanza 1986 na kuzirudisha ngitili nyingi kwenye ardhi iliyokuwa imebaki tupu.

Anayeshindwa atoe mji kama kwenye vitendawili, ila uwe wa huku huku. Mtegaji akiikataa Kahama akataka Katoro, apewe. Dar es Salaam hairuhusiwi.