Kwa Nini Mbuzi Hapatwi na Kiseyeye?

Ndugu msomaji, umepata kujiuliza kwa nini mbuzi au mbwa aweza kuishi maisha yake yote bila kuonja chungwa, naye asipatwe na kiseyeye? Mwanadamu akikosa matunda na mboga kwa miezi michache, ufizi wake huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na asipotibiwa hufa. Mabaharia wengi waliangamia kwa namna hiyo. Mnamo mwaka 1747, tabibu James Lind aliwajaribu wagonjwa 12 katika manowari ya Salisbury. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao.

Sababu ni hii: mbuzi, mbwa, ng'ombe na panya hujitengenezea vitamini C ndani ya ini, kutokana na sukari iliyomo mwilini. Sisi tumekosa kimeng'enya kimoja tu, kile cha hatua ya mwisho. Nyani wamekikosa vile vile, na simbilisi pia, yule mnyama mdogo afananaye na panya asiye na mkia.

Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe walikuwa wakichunguza maradhi ya mabaharia yaliyofanana na beriberi. Waliwalisha simbilisi nafaka na mikate. Badala ya beriberi, kikatokea kiseyeye! Lau wangalichagua panya, wasingaliona kitu.

Basi usidhani kwamba kikutoshacho wewe chamtosha kila kiumbe. Mwili wetu huigeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Paka hawezi, ni lazima aipate tayari katika nyama, samaki, mayai au maini. Mwenye kumlisha paka ugali na mchicha peke yake amdhulumu pasipo kujua. (Wapo watakaosema paka wao hula ugali na ni mzima, na watazame kama hawindi panya usiku.) Wala asilishwe maini matupu kila siku, kwani vitamini A ikizidi, mifupa ya shingo yake hushikana hata asiweze kugeuka.

Ama ng'ombe na kondoo, vijidudu vya tumboni mwao huwatengenezea vitamini B12, ila majani yawe na madini ya kobalti. Huko Australia na New Zealand kondoo walikonda na kufa juu ya malisho mengi, mpaka ilipogunduliwa katika miaka ya 1930 kwamba udongo ulipungukiwa na madini hayo.