Ndama Mgonjwa wa Wazazi Wazima: Kukadiria Urithi kwa Ng'ombe

Ng'ombe hurithi jeni kwa jozi: moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Jeni bayana huonyesha athari yake hata ikiwa moja. Jeni fifi hujificha, na athari yake huonekana pale tu mnyama anapoipata kutoka kwa wazazi wote wawili.

Mfano mmoja ni BLAD, ugonjwa wa kurithi wa ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein. Chembe nyeupe za damu za ndama hushindwa kushikamana na kuta za mishipa ili zipenye na kufika penye maambukizi. Ndama hudumaa, huugua nimonia na kuhara mara kwa mara, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Kasoro ya jeni husika ilitangazwa mwaka 1992, na chimbuko lake likafuatiliwa hadi kwa fahali wa Marekani, Osborndale Ivanhoe, ambaye ukoo wake ulienea kwa njia ya uhimilishaji. Binadamu nao wana ugonjwa unaofanana na huo, utokanao na kasoro katika jeni hiyo hiyo.

Herufi N iwakilishe jeni nzima, na n jeni yenye kasoro. Fahali Nn na jike Nn wote ni wabebaji wenye afya. Kila mmoja hutoa N au n kwa nafasi sawa, hivyo kila mimba ina uwezekano ufuatao:

NN (salama): 1/4
Nn (mbebaji): 1/2
nn (mgonjwa): 1/4

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Fahali Nn akipanda majike NN, hakuna ndama atakayeugua, lakini kila mtamba atakayezaliwa ana uwezekano wa 1/2 wa kuwa mbebaji. Fahali huyo akiachwa apande binti zake, uwezekano wa ndama mgonjwa ni 1/2 × 1/4, yaani 1/8. Ndiyo maana inafaa kubadilisha fahali kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa, na kudai mbegu za fahali aliyepimwa DNA. Akiwa NN, hata jike mbebaji hatamzalia ndama mgonjwa.

Zoezi: Wazazi Nn wamezaa ndama ambaye amethibitika kuwa hana ugonjwa. Je, uwezekano wa yeye kuwa mbebaji ni upi?

Jibu: Kundi la nn limeondolewa. Katika sehemu tatu zilizobaki, mbili ni Nn. Uwezekano ni 2/3. Afya ya ndama peke yake si ushahidi wa usalama wa uzao wake.