Mita 100 Zinakutosha, Mdogo Wangu

Barua ya wiki hii imetoka Manyoni. Kijana wetu anajifunza kazi chini ya mwindaji bingwa, msimu unafunguliwa Julai Mosi, na amekabidhiwa bunduki mbili azitayarishe: .30-06 yenye darubini na .375 ya mbogo. Anauliza: "Dada, binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia nizizero mita 200 au zaidi ili nisihangaike kukadiria umbali. Mwalimu wangu anasema 100, basi. Nimsikilize nani?"

Msikilize mwalimu wako. Lakini usimsikilize kwa sababu ni mkubwa wako tu. Nataka uelewe anachokijua, ili siku ukiwa peke yako na mgeni asiyekubali kushauriwa uwe na la kumwambia.

Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Ikitoka tu mtutuni inaanza kushuka. Darubini nayo imekaa juu ya mtutu, kwa bunduki nyingi ni kama sentimita 4. Kwa hiyo unapozero, unachofanya ni kuuelekeza mtutu juu kidogo kuliko jicho lako linakotazama. Risasi inaanza chini ya mstari wa jicho, inaukata ikipanda, inapita juu yake, halafu inaukata tena ikishuka. Hapo pa mara ya pili ndipo tunapopaita umbali wa zero. Ukipasogeza mbele, njia ya katikati inanyanyuka. Ukipasogeza karibu, risasi inatembea sambamba na jicho lako kwa muda mrefu, ila kule mbali inaanguka mapema. Huwezi kupata vyote viwili.

Tuchukue hiyo .30-06 yako, kwa risasi ya kawaida ya greni 180 inayotoka kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Ukiizero mita 100, kwa mita 50 inapiga palepale unapolenga. Kwa mita 150 inakuwa chini kwa sentimita 4 hivi, na kwa mita 200 ni kama sentimita 13 chini. Ukiizero mita 200, kwa mita 100 inapiga juu kwa sentimita 6 na ushee, kwa 150 bado iko juu kwa sentimita 5 hivi, na kwa 250 imeshuka kama sentimita 10. Hesabu hizi hubadilika kidogo kwa aina ya risasi na urefu wa mtutu, ndiyo maana baadaye nitakuambia uzipime mwenyewe.

Sasa, binamu yako hajakosea, ila anazungumzia nchi nyingine. Kule Wyoming na Montana mtu anawinda kwenye nyanda zisizo na mti, na swala wa huko huonekana akiwa mbali sana. Mwandishi maarufu wa uwindaji wa Marekani, Jack O'Connor, aliyeipigia debe .270 kwa miaka mingi, alifundisha watu kuiweka bunduki ipige inchi 3 juu kwa yadi 100, ili mpaka karibu yadi 300 mtu alenge mwilini bila kuongeza wala kupunguza. Kwa mnyama mwenye kifua kikubwa, mahali peupe, umbali mrefu, hiyo ni akili nzuri kabisa. (Na ukiongea tena na binamu yako muulize kama 200 zake ni yadi au mita. Yadi 200 ni mita 183. Watu wengi wanachanganya hapo.)

Wewe unawinda miombo. Rungwa hakuna mtu anayekuwekea tandala mahali peupe mita 250. Unamfuata mnyama kwa nyayo asubuhi nzima, mwishowe unamwona kipande: bega kati ya miti miwili, shingo juu ya nyasi. Umbali unakuwa mita 60, 80, labda 110. Mbogo unamtaka karibu zaidi ya hapo. Katika mwanya kama huo, sentimita 6 juu ni nyingi. Swala pala ana eneo la moyo na mapafu lisilozidi sahani ya chai, na ukilenga sehemu ya juu ya sahani hiyo kwa bunduki iliyozeroiwa mita 200, risasi inaweza kupita juu ya uti wa mgongo au kuugusa tu. Mnyama anaanguka, anainuka, anaondoka. Utaambiwa, "kumbuka tu kulenga chini kidogo." Kumbuka lini? Pumzi zimekutoka, jasho liko machoni, mnyama ameshakuona. Wakati huo mkono unafanya kilichozoeleka, nacho ni kulenga unapotaka kupiga. Basi bunduki yako ipige unapolenga.

Naijua hoja inayofuata: je, akitokea tandala mita 200? Nikuulize na mimi: ukiwa umesimama, bunduki imeegemea miti ya miguu mitatu, moyo unadunda, unaweza kuweka risasi zote ndani ya sahani ile ya sentimita 15 kwa umbali gani? Usinijibu kwa kichwa, nenda ukapime. Weka karatasi mita 80, piga tano kutoka kwenye miti. Zikiingia zote, sogea mpaka 100, kisha 120, kisha 150. Pale moja inapotoka nje ndipo umbali wako unapoishia kwa msimu huu. Kwa wanafunzi wengi ni kati ya mita 100 na 150, na hilo halina aibu. Ndani ya umbali huo, zero ya mita 100 haikudai hesabu yoyote. Zero ya mbali inakupa uwezo wa kupiga mahali ambapo mkono wako haujafika bado, na kukutia tamaa ya kujaribu.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Risasi mbaya haiishii kwa mnyama, ingawa mateso yake yanatosha kumnyima mtu usingizi. Mbogo aliyejeruhiwa lazima afuatwe. Anayetangulia kwenye alama za damu, macho yakiwa chini, ni msoma nyayo, mara nyingi baba wa watoto kutoka kijiji cha jirani. Aliyekosea yuko nyuma yake, ameshika bunduki. Ukichagua umbali wa zero unachagua na namna atakavyorudi nyumbani mzee huyo. Ndiyo maana siwezi kulichukua swali lako kama swali la ufundi peke yake.

Haya, twende uwanja wa shabaha. Chagua asubuhi isiyo na upepo, hakikisha nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo, na vaa vya kuziba masikio. Kaza skrubu za darubini kwanza, maana zero haikai kwenye darubini inayocheza. Toa boluti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uione shabaha ya mita 25 katikati ya tundu, kisha bila kuitikisa bunduki rekebisha msalaba wa darubini uikute hapohapo. Rudisha boluti, piga moja.

Sikiliza vizuri hapa. Kwa mita 25 usiitafute katikati. Unaitaka sentimita moja na nusu hivi chini ya kitovu, kwa sababu risasi bado inapanda kuelekea mstari wa jicho. Wapo wanaoigonga katikati kabisa mita 25, wanafunga sanduku na kusema bunduki iko sawa. Bila kujua wameizero karibu mita 200, halafu wanashangaa kwa nini kwa mita 100 wanapiga juu.

Sasa peleka karatasi mita 100. Pima kwa kamba au futi ya fundi, usihesabu hatua. Piga risasi tatu polepole, ukiacha mtutu upoe katikati yake. Usirekebishe kwa risasi moja. Tafuta katikati ya zile tatu, pima kutoka hapo mpaka kitovu. Darubini nyingi husogeza robo inchi kwa yadi 100 kwa kila kliki, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100. Kama kundi lako liko sentimita 7 chini na tatu na nusu kulia, basi ni kliki 10 juu na 5 kushoto. Mshale kwenye kifundo unaonyesha risasi itakakokwenda. Kwa mita 25 kliki hizo zinasogeza robo ya hapo tu, kwa hiyo utazihitaji mara nne. Piga tatu nyingine. Zikikaa kwenye kitovu, acha kifundo, funika kifuniko.

Halafu fanya ambalo wengi wanaliruka: piga mita 50, 150 na 200 kwa bunduki hiyohiyo bila kugusa darubini, uandike risasi imekwenda wapi. Namba zangu za juu zikusaidie kujua cha kutarajia, ila za kwako ndizo za kubandika kwenye kitako kwa utepe.

Risasi utakazowindia ziwe zilezile ulizozeroia: aina ile, uzito ule, ikiwezekana boksi lilelile. Greni 150 na greni 180 kutoka mtutu mmoja zinaweza kuachana kwa sentimita kadhaa. Na usiziache juani kwenye dashibodi ya gari, baruti ya moto hubadili mwendo.

Ile .375 nayo izero mita 100 kwa darubini. Risasi yake ya greni 300 ni nzito na ya taratibu kidogo, lakini kwa mita 50 itakuwa pale unapolenga na kwa 150 imeshuka sentimita 5 hivi, ambazo kwa mbogo si kitu. Vilengeo vya chuma viweke mita 50, maana ukivihitaji mambo yameshakaribia. Kisha jaribu risasi laini na ngumu zote mbili, uone kama zinaangukia pamoja. Zisipoangukia pamoja, zero kwa laini na ujue ngumu inakwenda wapi kwa mita 50. Bunduki hii inasukuma bega, kwa hiyo usipige nyingi mfululizo; ukianza kufumba macho kabla ya kufyatua, weka chini, fanya mazoezi ya kufyatua bila risasi, rudi kesho.

Jambo la mwisho ni wageni. Bunduki zao zimepanda ndege mbili tatu, zimetupwa na wapakia mizigo, zimeruka mashimo ya barabara kutoka Itigi. Mgeni atakuambia yake ilizeroiwa nyumbani na fundi wake. Mkubalie kwa heshima, kisha weka karatasi mita 100 kabla jua halijazama siku ile anayofika, na asitoke kambini asubuhi mpaka umeiona risasi yake ilipoingia. Mwalimu wako atakuunga mkono.

Ukishapiga zako za mita 150 kutoka kwenye miti, niandikie ngapi kati ya tano zimeingia kwenye sahani.