Alikuja kwa Miezi Mitatu, Akabaki: Somo kutoka kwa Bruda Colm wa Iten



Somo: 1 Wakorintho 9:24-27, Marko 4:26-29

Kila mwaka msimu wa Kilimanjaro Marathon ukifika, mji wetu wa Moshi hujaa wakimbiaji. Tunajipanga kando ya barabara, tunashangilia, na macho yote yanamfuata anayeongoza. Leo tumwangalie mtu mwingine, yule anayebaki pembeni na saa mkononi: kocha.

Jirani zetu Kenya, katika mji mdogo wa Iten uliopo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kuna mtawa kutoka Ireland anayeitwa Bruda Colm O'Connell, wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's. Mpango ulikuwa akae miezi mitatu tu. Miezi ikawa miaka, miaka ikawa zaidi ya arobaini.

1. Alianza bila ujuzi, ila alikubali kujifunza

Bruda Colm hakuwa mkimbiaji wala hakusomea ukocha. Alimsaidia mwalimu mwenzake, Mwingereza Peter Foster, na huyo alipoondoka kazi ikabaki mikononi mwake. Angeweza kusema, "Hii siyo fani yangu." Badala yake akawa anawatazama vijana wakikimbia, anawauliza, anajifunza kutoka kwao. Mwaka 1988 kule Seoul, Peter Rono, kijana wa miaka 21 aliyepita mikononi mwake, akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500.

Wangapi kati yetu tumeombwa kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, au kuongoza kwaya, tukajibu "mimi sijui"? Kutokujua siyo dhambi. Tatizo ni kukataa kujifunza.

2. Aliwaona waliosahaulika

Wakati huo riadha ya Iten ilikuwa hasa ya wavulana. Mwaka 1989 Bruda Colm akaanza kambi za mazoezi wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi. Mmoja wa wasichana aliokuja kuwafundisha, Janeth Jepkosgei, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 kule Osaka. Kipaji kilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mlango.

Hebu jiulize: kwenye kiwanja cha parokia yenu, jioni mpira wa kikapu unapochezwa, mabinti wanacheza au wamekaa tu kushika mabegi ya kaka zao?

3. Hakumwacha aliyeshindwa

David Rudisha alikuja Iten akiwa mkimbiaji wa mita 400. Bruda Colm ndiye aliyemshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia kule Berlin, Rudisha akatolewa nusu fainali. Makocha wengine hubadilisha mchezaji hapo hapo, na wachezaji wengine hubadilisha kocha. Hawa wawili wakarudi Iten, wakaendelea na mazoezi.

Agosti 2010, katika mji ule ule wa Berlin, Rudisha akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 1:41.09. Na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani? Ya Wilson Kipketer, aliyekimbilia Denmark, naye akiwa amesoma St. Patrick's! Kisha Olimpiki ya London 2012 Rudisha akakimbia kwa 1:40.91, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 1:41. Rio 2016 akatwaa dhahabu tena.

Tujipime sasa

Jamani, tuseme ukweli. Hapa kwetu vikundi vya vijana vinaanza kwa kishindo. Jezi zinanunuliwa, viongozi wanachaguliwa, picha zinapigwa. Ikifika Kwaresima ya mwaka unaofuata, wamebaki watano. Mmoja kaenda Dar, mwingine kaenda Arusha, hilo linaeleweka, maisha ni kutafuta. Lakini wengine wapo hapa hapa. Wamechoka tu kwa sababu matunda hayakuonekana haraka.

Anayetoka Kibosho au Kilema anajua: mche wa kahawa unaupanda leo, unakaa kama miaka mitatu ndipo uone kikapu cha kwanza. Katika Marko 4 Yesu anamzungumzia mkulima anayepanda, analala, anaamka, na mbegu inakua bila yeye kujua inakuaje. Kazi yake ni kupanda na kuwa na subira. Ukuaji ni wa Mungu.

Na tusidanganyike kwamba kubaki kunalipwa kwa medali. Vijana wengi waliopita kwa Bruda Colm hawakufika Olimpiki. Walirudi nyumbani kuishi maisha ya kawaida kama mimi na wewe. Je, miaka aliyotumia kwao ilipotea? Mtume Paulo anatujibu katika 1 Wakorintho 9: taji la uwanjani linanyauka, lipo taji lisiloharibika. Kijana aliyejifunza kuamka alfajiri, kutii, kushindwa bila kukata tamaa na kumpongeza mwenzake, huyo hajatoka mikono mitupu.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni huduma gani uliianza ukaiacha njiani? Ni nini hasa kilikuondoa?
2. Nani alibaki na wewe uliposhindwa? Umewahi kumshukuru?
3. Katika parokia yetu, ni vijana gani hawajafunguliwa mlango?

Zoezi la wiki

Chagua jambo moja dogo, lifanye siku saba mfululizo bila kumtangazia mtu. Pia mtafute mwenzako mmoja aliyeacha kuja kwenye kikundi. Usimlaumu. Msalimie tu, mwambie nafasi yake ipo.

Tuombe

Ee Bwana, sisi tunapenda kuanza na tunachoka kuendelea. Utupe moyo wa kubaki pale ulipotuweka, hata kama hakuna anayetupigia makofi. Utufundishe kufurahi wenzetu wanapotutangulia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.