Kulinda Zizi Usiku Meru na Embu: Mwongozo kwa Mfugaji Anayefikiria Kununua Bunduki

Mfugaji akiamka Makima au Igembe na kukuta mbuzi wanne wamelala chini wakiwa na matundu kooni, hasira yake ina haki. Baadaye anafungua simu na kuona video za Wamarekani wanaokaa juu ya pikapu usiku, darubini ya joto juu ya bunduki, wakiangusha koyoti mmoja baada ya mwingine. Swali linakuja lenyewe: ninunue bunduki ya aina gani? Ninalijibu hapa kwa uzito wake, kwa sababu pesa hiyohiyo ikielekezwa vizuri inaweza kuokoa mifugo msimu huu huu.

Hatua ya kwanza: ondoa bunduki kwenye bajeti

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaikazia marufuku hiyo, na kibali cha kumiliki silaha si kibali cha kuua chui au fisi. Anayekaa kichakani na bunduki akimngoja mnyama atafunguliwa mashtaka, hata kama mnyama huyo alikula ng'ombe wake wote. Kazi ya kumkabili mnyama sugu ni ya askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Lakini tuseme sheria isingekuwepo. Koyoti wa Marekani ana uzito wa kilo 10 hadi 20 hivi, na huwindwa kwenye mashamba mapana ambako nyumba ya karibu iko mbali. Risasi ya .223, ile inayopendwa sana na wawindaji hao, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 ikikosa shabaha. Hata ya .22, ndogo kabisa, hupita kilomita 1. Sasa zitazame Igembe na Tigania: shamba linagusana na shamba, njia za miguu zinapita katikati ya miraa, na usiku kucha kuna walinzi wanaozunguka ili miraa isiibwe. Hakuna mahali pa kuelekeza mtutu ambapo nyuma yake hapana mtu. Fisi madoa naye ana kilo 50 na zaidi; akijeruhiwa kwa risasi ndogo haanguki, anakimbilia vichakani. Chui aliyejeruhiwa ni hatari zaidi, kwa maana atakayemkuta asubuhi huenda akawa mtoto anayekwenda shule.

Historia ya Meru yenyewe ina somo juu ya hili. Mwaka 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyezoea bunduki maisha yake yote, alikuwa akimfuatilia simba mla watu kaskazini mwa Kenya. Simba jike akamrukia, naye akampiga risasi akafa. Ndipo akagundua kwamba jike yule alikuwa akilinda watoto wake watatu. Mmoja wao ndiye Elsa, aliyelelewa na Joy Adamson, akaachiliwa porini Meru, akafa Januari 1961 na kuzikwa karibu na mto Ura. Ikiwa mtu wa kazi hiyo, akiwa na wenzake, alimuua mnyama ambaye hakuwa amemkusudia, mfugaji aliyekosa usingizi anayetazama doa jeupe kwenye kioo kidogo atakuwa na uhakika gani?

Sumu ni mbaya kupita bunduki. Desemba 2015, simba wa kundi la Marsh Pride huko Maasai Mara walikula mzoga uliotiwa sumu. Jike mzee aliyeitwa Bibi alikuwa miongoni mwa waliokufa. Sumu haichagui. Inaua tai, inaua mbwa wako, na inaweza kuingia kwenye maji ya jirani.

Hatua ya pili: mjue aliyekuja

Kila mnyama ana mlango wake, kwa hiyo usinunue hata msumari kabla ya kujua unamzuia nani. Asubuhi, kabla mifugo haijakanyaga, zunguka zizi ukitazama chini. Unyayo wa chui ni wa mviringo na hauonyeshi kucha, maana huzificha anapotembea. Wa fisi unaonyesha kucha butu, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Unyayo wa simba unafanana na wa chui ila ni mkubwa mno. Mbwa naye huacha kucha, lakini nyayo zake nne zinakaribiana kwa ukubwa.

Kisha tazama mzoga. Chui hukaba koo, akaacha matundu ya meno yaliyo safi, na akipata nafasi humbeba mbuzi na kumpandisha mtini. Akijikuta ndani ya zizi lililofungwa, mbuzi wakirukaruka gizani, anaweza kuua wengi na kumla mmoja tu. Fisi hung'oa vipande, hula mpaka mifupa, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa hiyo. Mwanambuzi aliyetoweka mchana bila kelele huenda alichukuliwa na bweha, na huyo hazuiwi kwa kazi ya usiku.

Jirani na Hifadhi ya Taifa ya Meru, upande wa Murera na Tharaka, usimwondoe simba kwenye hesabu. Kwa wa Mbeere, karibu na Hifadhi ya Mwea na mabwawa ya Tana, na kwa walio ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, anza kwa kumshuku fisi na chui, halafu uziache nyayo zikuthibitishie.

Hatua ya tatu: jenga zizi lisiloingilika

Hapa ndipo pesa nyingi iende. Ua wa matawi ya mgunga ambao wazee wametumia miaka mingi humzuia mnyama asiye na njaa kali. Udhaifu wake ni kwamba matawi hukauka na kulala chini, na mnyama hahitaji hata kuingia. Fisi akizunguka nje, harufu yake ikiwafikia ng'ombe, wao wenyewe wanavunja ua na kutokea gizani. Mifugo mingi hufia nje ya boma kwa namna hiyo. Kwa hiyo ua mzuri unafanya kazi mbili: kumzuia wa nje na kuwazuia wa ndani.

Tumia seng'enge ya wavu iliyo nzito, yenye urefu wa mita 2 juu ya ardhi. Ichimbie chini nusu mita, au ikiwa ardhi ni mwamba kama sehemu nyingi za Mbeere, ikunje ielekee nje na uilaze chini ya mawe makubwa, maana fisi huchimba palepale ua unapogusa ardhi. Nguzo ziwe karibu, mita 2 hadi 3, na ziwe za mti usioliwa na mchwa. Ukiwa na matawi ya miiba, yapange upande wa nje wa wavu. Mnyama asiyeona kilicho ndani hupungukiwa na hamu, nao ng'ombe wasiomwona hawapandwi na hofu haraka.

Chui hajali urefu wa ua. Anapanda. Kwa mbuzi na kondoo hakuna njia nyingine ila paa: mabati au wavu uleule juu, umefungwa kwa waya kila baada ya shibiri. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa Meru, wenye Toggenburg na machotara wao, tayari hujenga mabanda yaliyoinuliwa yenye sakafu ya mbao. Banda la namna hiyo ni msingi mzuri, mradi uzibe nafasi iliyo chini ya sakafu na matundu yaliyo karibu na mapaa.

Mlango ndio huangusha kazi yote. Watu hujenga ua wa nguvu halafu wakaegesha lango la mabanzi lililofungwa kwa kamba ya katani. Lango liwe na fremu ya chuma au mbao nzito, lifungukie ndani ili mifugo ikilisukuma lizidi kujifunga, na chini yake uweke zege au jiwe bapa. Ingiza mkono wako kila upenyo. Kichwa cha mbwa mkubwa kikipita, cha fisi mchanga kitapita.

Fyeka vichaka mita 20 kuzunguka zizi. Zika au choma kondo la nyuma, matumbo ya mnyama aliyechinjwa na mizoga. Fisi wengi waliozoea boma walianza kwa kufuata harufu hiyo.

Hatua ya nne: taa na mbwa

Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyeishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea kuliko mwanga uliotulia. Akaunganisha taa kwa betri, paneli ya sola na kifaa cha kuwasha indiketa za pikipiki, zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 aliueleza ulimwengu uvumbuzi wake kwenye jukwaa la TED. Fundi yeyote wa pikipiki Maua au Kiritiri anaweza kukufungia kitu kama hicho. Taa zielekee nje na zikae kimo cha kichwa cha mnyama. Zihamishe mara kwa mara, maana mnyama akiizoea taa huipita.

Mbwa wawili wanaolala nje ya zizi ni kengele isiyoisha betri. Wapige chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa ajili ya watoto wako na pia kwa ajili ya mbwa mwitu na simba, ambao huambukizwa magonjwa na mbwa wetu.

Hatua ya tano: chagua jicho la joto, ukipenda

Teknolojia ya zile video ina faida hata bila bunduki. Mwaka 2016 kamera za joto zilianza kuwasaidia askari wa Maasai Mara kuwaona majangili gizani. Kwa mfugaji, darubini ya joto ya mkononi humwezesha kuona kilicho nje ya ua kabla hajafungua mlango, na hilo pekee linaweza kuokoa uhai.

Chagua ile ya mkononi, si ya kufungwa kwenye bunduki. Isome sensa kwanza. Ya pikseli 256 kwa 192 inatosha boma dogo. Ya 384 kwa 288 inafaa kikundi cha majirani, na bei yake inakaribia ya ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo inunueni kwa chama. Usidanganywe na namba ya mita iliyoandikwa kwenye kasha. Namba hiyo ni ya kuona kwamba kuna kitu chenye joto, haimaanishi utamtambua. Fanya hesabu: lenzi ya milimita 19 yenye pikseli za mikroni 12, kwa mita 100, kila pikseli hufunika sentimita 6 hivi. Fisi aliyesimama ubavu anapata pikseli 20, na mgongo wake ulioinamia nyuma unaonekana. Kwa mita 300 anabaki na pikseli 6 au 7. Hapo fisi, mbwa, ndama na mtu aliyechuchumaa ni kitu kimoja. Madoa na rangi havionekani kabisa, kwa kuwa kifaa kinasoma joto, hakisomi mwanga.

Kioo cha dirisha huzuia joto, kwa hiyo toa kichwa nje au ufungue dirisha. Ukungu na mvua ya Nyambene hupunguza umbali. Mbeere, mawe yaliyochomwa na jua hubaki meupe kwenye kioo hadi usiku mwingi. Saa nzuri ni kuelekea alfajiri, mawe yakiwa yamepoa. Kabla ya kuagiza kifaa kutoka nje, uliza kituo cha polisi kuhusu vibali.

Hatua ya sita: akija

Mbwa wakibweka, kaa ndani, washa taa zote, piga mabati, piga kelele. Mwachie mnyama njia ya kutokea. Mnyama akiwa amenaswa ndani ya zizi au nyumba, fungeni mlango, waondoeni watu, na mpige simu kituo cha KWS; namba yake iwe tayari imehifadhiwa kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Kumzingira chui kwa mapanga na mawe ndiko kunakowapeleka vijana hospitali, maana chui asiye na njia hupita juu ya watu.

Hatua ya saba: dai chako

Usiuondoe mzoga. Funika nyayo kwa karai au sufuria, piga picha ukiweka kiberiti kando ya unyayo ili kuonyesha ukubwa, kisha ripoti siku hiyohiyo kwa KWS na kwa chifu, na umwite afisa wa mifugo. Sheria ya 2013 inaruhusu fidia kwa mifugo iliyouawa na simba, chui au fisi, na madai hupitia kamati ya kaunti. Malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka, na jambo hilo linawaumiza wafugaji; dai hata hivyo, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Piga picha za ua wako pia. Sheria inasema fidia hailipwi kwa aliyeshindwa kuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake, kwa hiyo zizi lile la hatua ya tatu ni ushahidi.

Alasiri ya siku hiyohiyo, afisa akishaondoka, zika mabaki na uzibe tundu lililotumika. Waambie majirani wa pande zote nne, kwa sababu aliyepata chakula jana hurudi leo, na akikuta kwako pamefungwa atajaribu kwao.