Mchanga Hauna Molekuli: Kifungo cha Kovalenti katika Miundo Mikubwa

Malori ya mchanga hupita kila siku katika Barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi, na soda huuzwa kando ya barabara hiyo hiyo. Mchanga wa ujenzi kwa sehemu kubwa ni silika, SiO₂. Povu la soda hutokana na kaboni dioksidi, CO₂. Fomula zinashabihiana, na vifungo vya kote kuwili ni vya kovalenti. Mbona basi kaboni dioksidi iliyoganda hugeuka gesi kwenye nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali silika huhitaji takriban 1,700 ndipo iyeyuke?

Jibu ambalo mwandishi wa makala haya amelisahihisha mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi wa sekondari ni kwamba vifungo vya kaboni dioksidi ni dhaifu. La hasha! Vifungo hivyo ni imara, na gesi inapotoka havikatiki hata kimoja. Kaboni moja na oksijeni mbili hukamilisha molekuli; kinachoachana ni molekuli na jirani yake, nazo zilishikana kwa nguvu hafifu tu.

Katika silika hakuna jirani wa kuachana naye. Kila silikoni imeshikwa na oksijeni nne, na kila oksijeni inamilikiwa na silikoni mbili, mithili ya wavu usiokuwa na ukomo ndani ya chembe nzima ya mchanga. Nusu ya oksijeni mara nne ni mbili: ndipo tunapoandika SiO₂. Fomula hiyo ni uwiano, wala si molekuli. Kuyeyusha silika ni kuvikata vifungo vyenyewe vya kovalenti.

Almasi ya Mwadui, Tanzania, imejengwa vivyo hivyo, kila kaboni ikishikana na nyingine nne. Grafiti ndiyo inayotatiza. Humo kila kaboni hushika tatu, katika matabaka yanayoteleza, na elektroni ya nne husalia huru. Chonga penseli ncha zote mbili, uiunganishe na betri na balbu ndogo: balbu huwaka, japo kwa mwanga hafifu.

Nasi wana-Kiswahili tuna deni hapa. Penseli tumeiita kalamu ya risasi, na mwanafunzi makini atadhani kwamba ni metali inayopitisha umeme huo. Ndani ya kalamu hiyo hamna risasi; mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi.