Mgeni wa mapumziko katika kijiji cha wavuvi: tumupangie nini?
Somo kwa koperative za kando ya Ziwa Kivu



Watu wa Bukavu na Goma wanapenda kuja kando ya ziwa siku ya posho na siku ya Mungu, na pia wakati wa likizo. Wanakula sambaza, wanapiga picha, wanarudi. Mara nyingi makuta yao yanabaki kwa mwenye pikipiki na mwenye butiki ya vinywaji. Muvuvi, mama mwenye kuanika samaki na mulimaji wa kahawa hawapati kitu. Wakati mwingine wanapata hasara, maana mgeni anapandisha bei ya samaki kisha anaenda zake.

Mwisho wa somo hili mutaweza: (1) kujua mambo gani mgeni anaweza kufanya kijijini, (2) kuyapanga kufuatana na mwezi na kazi ya wavuvi, (3) kulinda ziwa na maisha ya watu, (4) kugawanya makuta bila ugomvi.

Tunaposema mgeni, tusifikiri muzungu peke yake. Mwalimu wa Bukavu mwenye watoto watatu ni mgeni. Mtoto wa kijiji aliyekaa Ulaya miaka kumi, akirudi kusalimia babu yake, naye ni mgeni.

1. Kwanza tujue samaki wetu

Sambaza hawakuwa katika Ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kivu ni ziwa refu kwenda chini, karibu metre 485, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Ukipita metre 70 hivi, oksijeni haiko tena, na maji ya chini yamejaa gazi.

Mchana sambaza wanashuka, usiku wanapanda juu kufuata chakula chao, tena wanavutwa na mwanga. Ndiyo sababu wavuvi wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti, wanateremusha wavu, wanawasha taa juu yake na kungojea. Samaki wakikusanyika, wavu unapandishwa.

Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga unaenea juu ya maji yote, na taa inapoteza nguvu. Sambaza hawakusanyiki vizuri. Kila muvuvi anajua: siku za mbalamwezi ni siku za beseni tupu. Wengi wanabaki nyumbani kushona nyavu.

Hapa ndipo koperative inaweza kupata faida. Mwezi mmoja una siku 29 na nusu. Siku za giza, samaki ndio wanaleta makuta. Siku za mbalamwezi, mgeni anaweza kuleta kidogo pale ziwa linapokataa. Basi tusimupokee mgeni kila siku kwa namna moja.

2. Siku za giza: mgeni anaangalia, hagusi kazi

Usiku ziwani. Kuona taa za wavuvi zimetawanyika juu ya maji kama mji, na kusikia wimbo wa wapiga kasia wakitoka jioni, ni jambo ambalo mgeni hatasahau. Lakini asipande katika mitumbwi ya kazi. Mahali ni padogo, miti na kamba ni nyingi, na mutu mmoja akianguka kazi yote inasimama. Apande mtumbwi mwingine, wenye muongozi wake, ukae mbali kidogo. Tochi na mwanga wa telefone vizimwe: mwanga wa pembeni unavuta samaki watoke kwenye wavu. Saa mbili ziwani zinatosha.

Alfajiri sokoni. Wavuvi wakirudi, mama wauzishaji wako tayari na mabeseni. Mgeni aje aangalie namna wanapima na kupatana bei. Kanuni ni mbili. Ya kwanza, asinunue mbele ya wale mama. Yeye anatafuta samaki wa sahani moja, wao wanatafuta makuta ya shule ya watoto. Akitoa bei ya juu saa kumi na mbili asubui, mama wa kijiji watalipa bei hiyo siku nzima. Ya pili, aombe ruhusa mbele ya kupiga picha ya mutu.

3. Siku za mbalamwezi: kijiji kinafundisha

Siku hizi wavuvi wako na nafasi, na mgeni anaweza kutumia mikono yake:

— Kujifunza kupiga kasia asubui, kandokando, maji yakiwa yametulia. Upepo ukianza, watu wanarudi.
— Kukaa na mzee mwenye kushona nyavu na kujaribu fundo. Saa moja pamoja naye ni somo kubwa, na mzee alipwe kama mwalimu.
— Kusaidia mama kuanika sambaza juu ya chanja, kugeuza, kufukuza kuku. Mgeni ataelewa kwa nini mvua ya ghafula ni hasara.
— Kupika: sambaza za kukaanga, sombe, bugali, lenga-lenga, pili-pili. Ale kile alichopika.
— Kutembea shamba. Kuanzia Machi hadi Juni, kahawa inavunwa katika milima yetu. Mgeni avune kikapu kimoja, aone kumenya, kuosha na kukausha, kisha anywe kahawa ya shamba lile. Kule Idjwi aonje na mananasi.

Angalieni hii ya mwisho. Mulimaji asiye na mtumbwi wala wavu anaingia pia katika kazi. Kijiji cha wavuvi si wavuvi peke yao.

4. Mambo ya kukataa, hata mgeni akitoa makuta mengi

Musivute wavu wa ufukoni ili mgeni apige picha. Katika maji ya kina kifupi ndimo tilapia wanazalia. Mama tilapia anabeba mayai na watoto wake ndani ya kinywa. Ukimukamata yeye, umekamata kizazi kizima. Sawasawa na kula mbegu mbele ya msimu.

Musitumie chandarua. Matundu yake ni madogo sana, yanachukua watoto wa samaki, tena dawa iliyo ndani haikuwekwa juu ya maji. Chandarua kazi yake ni kitandani.

Wakati wa kufunga uvuvi, hakuna «kidogo tu juu ya mgeni». Mumuonyeshe nyavu zikiwa zimetundikwa, mumueleze sababu. Mgeni mwenye akili atawaheshimu zaidi.

Mtoto asikose shule ili kubeba mizigo ya mgeni. Na mgeni asigawe makuta ao bonboni kwa watoto njiani. Mwenye kutaka kusaidia apite kwa komite.

5. Usalama

Kila mutu anayepanda mtumbwi avae koti ya kuelea, mgeni na mwenyeji pia. Kama makoti ni matano, watu ni watano. Usibishane na hesabu hiyo. Mbele ya kutoka, muulize hali ya njia na ya ziwa. Kama kuna wasiwasi wa usalama, safari inaahirishwa.

Kuogelea: katika Ziwa Kivu hakuna mamba wala kiboko, na wageni wanafurahi kusikia hivyo. Lakini mahali pengi ukingo unashuka kwa ghafula. Mutu asiyejua kuogelea asiende zaidi ya magoti, na asiogelee peke yake.

Upande wa Goma na Sake, mujihadhari na mazuku. Ni gazi inayotoka udongoni, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inalala mahali pa shimo, zaidi usiku na asubui mapema wakati hakuna upepo. Mtoto, mbuzi na mutu aliyeinama wanakufa mbele. Muongozi lazima ajue mahali hapo na kupakataza. Ukiona nyama ndogo imekufa shimoni bila kidonda, usishuke kuiangalia. Ukimuona mwenzako ameanguka mule, usimurukie. Piga kelele, mutafute kamba.

6. Makuta yagawanywe namna gani?

Kupokea wageni bila daftari kunaleta ugomvi kuliko kukosa wageni. Tuchukue mfano wa hesabu tu: wageni 4, kila mmoja analipa dola 10 kwa siku ya mbalamwezi. Jumla ni dola 40.

Wapiga kasia: 12
Mama wapishi, pamoja na kununua chakula: 10
Muongozi: 4
Mzee wa nyavu na mwenye shamba: 4
Kasha la koperative: 10

Kila koperative itapanga namna yake, lakini mambo matatu yasibadilike. Bei inajulikana mbele ya mgeni kufika. Malipo yanapokelewa na mutu mmoja, anaandika risiti. Na sehemu ya kasha ina kazi iliyokubaliwa katika mkutano. Ya kwanza ningeshauri iwe makoti ya kuelea. Zamu izunguke, isiwe kila mara jamaa ya prezida.

7. Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni siku gani za mwezi wavuvi hawatoki? Tuandike kalenda ya miezi mitatu.
2. Ni nani wako na ujuzi wa kufundisha lakini hajawahi kulipwa juu yake?
3. Samaki wanazalia wapi karibu nasi? Tupaonyeshe mgeni kwa mbali, ao tupafiche?
4. Mgeni akipandisha bei sokoni, nani atamuambia, na kwa maneno gani?

Kazi ya kufanya mbele ya mkutano ujao: mupange siku moja ya mbalamwezi, mualike jamaa moja tu ya mjini, mufuate kanuni hizi. Kesho yake mukae na wavuvi, mama na walimaji, mufungue daftari, muone nani alipata nini na nani alisumbuliwa. Yale mutakayoandika siku ile yataonyesha kama muendelee, mubadilishe kitu, ao muache.